Nyama Isiyopanda Mlima

Jumatatu, 5 Agosti

Meza sita, viti ishirini na vinne, mteja mmoja. Naye alitaka choo tu.

Wageni wanashuka kutoka hifadhini njaa imewabana, wanamuuliza mtu wa kwanza wanayekutana naye wapi pa kula. Na kila mtu anawaelekeza kwa Bibi Makvala! Jirani yangu, mjane wa miaka sabini na minne, ana meza moja, tena yenye mguu wa tofali. Leo watu kumi na mmoja walikaa ukutani wakingoja zamu kwake. Ukuta wenyewe ni wangu!

Mke wangu Eteri ametoa neno la mwisho. Meza zisipojaa kabla nyasi hazijaingia ghalani, vuli hii tunateremka bondeni na kondoo, na haturudi tena. Dada yake ana tanuri la mikate huko. Mimi, niuze mikate! Nyumba hii aliijenga babu wa babu yangu, jiwe moja moja. Nikiiona ina kufuli nitaumwa. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nina mpango.

Sina mpango.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango umepatikana! Kibao cha njia panda, kilichoandikwa "Chakula", kilikuwa kinaelekea kwa Makvala. Nimekigeuza alfajiri.

Mchana, hakuna mtu. Saa kumi nikaenda kuangalia. Kumbe nilikigeuza kupita kiasi, kikaelekea zizi la mchungaji Vazha na mbwa wake wawili. Waholanzi wanne walikuwa juu ya paa la zizi. Makvala ndiye aliyewashusha, akawalisha bure. Alipopita langoni kwangu aliniuliza: "Upepo gani huu, mwanangu, unaong'oa mpaka misumari?" Nilijifanya nafagia.

Jumatano, 7 Agosti

Habari kubwa! Radka, yule Mcheki anayeandika kitabu cha wasafiri, yumo hifadhini. Atashuka Ijumaa. Atakachoandika ndicho watakachofuata wageni miaka kumi.

Tatizo ni moja. Khinkali zangu, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, hupasukia sufuriani, nyama huku, unga kule. Eteri huziita supu ya matambara. Kwa hiyo nimemwagiza Tamazi, dereva wa lori, aniletee mifuko minne ya khinkali za kiwandani, zilizogandishwa. Tamazi ni mtu wa bondeni, hajui mambo yetu, lakini siri anaiweza. Nilimwapisha kwa kaburi la baba yake. Akasema yeye mwenyewe ni kaburi.

Alhamisi, 8 Agosti

Mzigo umefika. Sikuthubutu hata kuisoma mifuko, Makvala alikuwa anachungulia dirishani. Nimeichoma yote. Khinkali nimezifukia kwenye theluji iliyobaki korongoni. Ushahidi hakuna. Akili ni mali!

Ijumaa, 9 Agosti

Meza sita, zote zimejaa! Radka na daftari lake. Wachungaji. Hata Mzee Lagaza, mtunza madhabahu yetu, alikuja, eti kushuhudia muujiza. Alikula khinkali kumi na nne. Eteri alinitazama kama siku ya harusi yetu. Machozi yakanitoka, nikasingizia kitunguu.

Ndipo akaingia Tamazi, glasi tatu za mvinyo kichwani. Akauliza kwa sauti tangu lini sisi watu wa huku tumeanza kula nguruwe. Maana kwenye mifuko kulikuwa na picha ya nguruwe anacheka.

Kwetu nguruwe ni mwiko, hapandi mlima, awe hai au amekufa. Tangu enzi za mababu. Mzee Lagaza akairudisha ya kumi na tano sahanini, taratibu, kwa vidole viwili.

Nusu saa baadaye ikanyesha mvua ya mawe. Nyasi za Vazha zote zimelala. "Balaa hili lina jina," alipiga kelele kutoka barabarani, "linaitwa Imeda!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 10 Agosti

Wazee wameamua adhabu yangu. Kondoo dume mmoja kwa madhabahu. Kesho nilishe kijiji kizima uwanjani kwangu, na wageni wote waliopo. Na khinkali nizikunje kwa mikono yangu mwenyewe.

Eteri ameanza kufunga masanduku. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 11 Agosti

Ya kwanza ilipasuka. Ya pili. Ya arobaini.

Kisha Makvala akaingia na kifimbo chake cha kusukumia unga, bila kualikwa. Akasema unga wangu ni legelege kama mwenyewe. Kila nilipokosea mkunjo alinichapa vidole. Nilimuuliza kwa nini ananisaidia, baada ya kile kibao. Hakuinua macho. Alisema tangu awe mjane nyumba tatu za kijiji hiki zimefungwa, na hataki kuiona ya nne. Halafu akasema mimi ndiye kichekesho chake cha pekee, nikiondoka atamchungulia nani?

Nikapangusa macho. Safari hii kitunguu kilikuwepo kweli, lakini si chenyewe kilichoniliza.

Walikula mpaka wakalegeza mikanda. Vazha aliimba. Mzee Lagaza alikula kumi na nne, akaendelea. Radka alitusomea alichoandika: mahali pazuri kuliko pote pa kula karibu na hifadhi ni uwanja wa Imeda, siku anapotubu.

Kisha Makvala akasema mbele ya wote kwamba mimi nina meza na yeye ana mikono, basi tubomoe ukuta tupike pamoja. Nikakubali. Nikaapa hila basi, mpaka kaburini. Eteri akaenda kufungua masanduku.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumeanza kubomoa ukuta. Makvala anasimamia, ameketi.

Asubuhi wamekuja wageni wanane, wameshasikia habari za jana. Wameuliza natubu tena lini. Nikawaambia Jumapili.

Sasa, mtu hawezi kutubu bila kosa. Huo ungekuwa uongo, na mimi nimeshaapa. Nimemtumia Tamazi ujumbe. Soseji. Moja tu. Ndogo.