Siku Ishirini na Moja Ubaoni

Alhamisi, 13 Machi
Tangazo la ndoa yetu limebandikwa kwa msajili! Majina mawili, tarehe ya leo, muhuri. Sharti likae ubaoni siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze. Nani apinge? Tumeishi pamoja miaka kumi na tisa, kila mwaka namwambia mwakani. Sasa mwenzangu yuko wodini, mapafu yamechoka, na ameniomba jambo moja tu: afe akiwa mke wangu kwa karatasi. Daktari hataji siku. Nimemsihi karani, Bi Miwani, apunguze. Kakataa katakata, ila siku zikitimia atakuja wodini yeye mwenyewe na kitabu cha kusaini. Roho ngumu, mama yule!

Ijumaa, 14 Machi
Wazo! 13 ukiondoa ile moja inabaki 3. Bi Miwani alipokwenda kunywa chai nikakwangua kwa wembe wa kunyolea ndevu, taratibu, ulimi nje. Siku kumi nimezipata bure. Kichwa changu hiki! Nimemwambia mwenzangu tunafunga ndoa tarehe ishirini na nne. Hakuuliza imekuwaje. Alinishika kidole akalia. Shemeji, dada yake, kanitazama kwa jicho baya kama kawaida yake.

Jumatatu, 24 Machi
Suti. Mashahidi wawili tayari: shemeji na jirani yetu fundi viatu. Mwenzangu kasukwa nywele, kakalishwa wima kwa mito mitatu. Nikamfuata Bi Miwani. Akafungua daftari lake. Daftari! Nani alijua kuna daftari? Humo ni kumi na tatu. Akainua tangazo kwenye mwanga, tundu likaonekana. Limebatilika. Tuanze upya, siku ishirini na moja kuanzia leo. Nikarudi wodini peke yangu, nikasema karani anaumwa mafua. Mwenzangu akasema hakuna neno, ila wasimfumue nywele.

Alhamisi, 3 Aprili
Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe, kama nisingegusa kitu. Mwenzangu kaniuliza ni tarehe ngapi. Nimesema sijui. Shemeji kashajua ya wembe, kageuka kumnyooshea mito. Bora angenitukana.

Jumamosi, 5 Aprili
Amefariki saa nne asubuhi. Nywele zimesukwa vilevile. Siwezi kuandika.

Jumanne, 8 Aprili
Nimekwenda kuchukua cheti cha kifo. Kumbe dirisha ni lilelile. Bi Miwani kanipa pole, kavua miwani akaifuta. Hali ya ndoa: hajaolewa. Nikamwomba aandike mke wangu. Akasema angetamani, lakini aandike kwa karatasi ipi? Nimelia palepale kwenye foleni, watu wakanipisha.
Cheti kiko mezani hapa. Nimekipapasa sana. Karatasi yake ni nzito kuliko ya lile tangazo, hii haiwezi kutoboka. Na neno lenyewe ni moja tu. Wembe nimenunua mpya.