Malalamiko Kuhusu Dawa ya Farasi Yenye Rangi ya Chai

Mheshimiwa Mkuu wa Mifugo wa Wilaya,

Natumaini u mzima, wewe, jamaa zako na wanyama wako kama unao. Mimi ni Bouchaib ould Hammadi, mkulima wa ngano nje kidogo ya Sidi Bennour. Kwa heshima zote naomba daktari wenu wa mifugo, Bi Ghizlane, ahamishiwe mahali ambako watu hawanywi chai.

Farasi wangu Lazrak alijichana paja kwa seng'enge, na mashindano ya msimu ya wapanda farasi yamekaribia. Kikosi chetu bila Lazrak ni kama mdomo uliong'oka jino la mbele. Shemeji yangu Larbi alitaka kummwagia spiriti. Mke wangu Mahjouba alitaka kumpaka lami ya miti, kama alivyofanya marehemu mama yake. Mimi nikajifanya mstaarabu, nikamwita daktari. Akazikataa zote mbili, akasema zinaunguza nyama changa.

"Mzee Bouchaib, osha kidonda kwa maji ya chumvi, halafu tumia iodini hii. Usiimwage hivi hivi. Ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka iwe rangi ya chai nyepesi."

Akawasha gari, akaenda zake. Sisi akatuachia balaa, kama ifuatavyo.

Kwanza, chai nyepesi kwetu haipo. Chai ya Mahjouba humwamsha aliyezimia. Nilipomwomba atengeneze dawa ifanane na chai nyepesi, aliniuliza nimeinywa wapi, na kwa mwanamke gani. Mheshimiwa, nina wajukuu.

Pili, Larbi alichanganya ya kwake, ikawa nyeusi kama kahawa. Lazrak alipoguswa nayo alivunja mlango wa zizi. Nikachanganya yangu. Mahjouba akaiinua juani, akasema, "Haya ni machozi ya kuku." Akamgeukia kaka yake: "Na wewe, unatibu farasi au unapaka rangi mlango?" Tangu hapo hawasemeshani. Mimi ndiye ninayebeba matusi kutoka chumba hiki kwenda kile, na njiani nayapunguza makali kwa faida ya ukoo.

Tatu, na hili lina la nne tumboni. Ili tulinganishe rangi, tulipanga glasi kwenye sinia, hizi za chai, hizi za dawa. Ndipo akaingia Haji Maati, amekuja kumposea mwanawe binti yetu wa mwisho, Rkia. Rkia akaleta sinia kwa adabu zote. Haji akapiga funda moja. Akalitema taratibu kwenye mkono wa kanzu yake, akasema kwa upole, "Bi Mahjouba, leo chai imekuwa nyepesi kidogo."

Nyepesi! Mheshimiwa, niliruka. Hatimaye shahidi asiye na upande! Niliipokonya glasi, nikakimbia nayo zizini, nikammiminia Lazrak kidondani, naye akatulia kama aliyefika kwao. Haji alipoona kinywaji chake kinatiririka pajani mwa farasi, aliomba viatu vyake.

Sasa posa imekwama, na sokoni wanawake wanasema Mahjouba siku hizi chai yake ni maji. Hilo ndilo la nne, na ndilo linalomliza. Aibu ya posa angeivumilia.

Kwa hiyo naomba Bi Ghizlane ahamishwe, na dawa itengenezwe kwa rangi isiyonyweka, kwa mfano buluu. Kama haiwezekani, ofisi yako imlete mwonja chai mwenye kiapo, tumlishe na kumlaza.

Wasalimie makarani wote, mlinzi wa lango, na mbwa wake aliyenirarua suruali mwaka juzi. Sina kinyongo naye.

Wako mtiifu,
Bouchaib ould Hammadi

Baada ya saini: Tafadhali usimhamishe daktari. Kidonda kimefunga, nyama imerudi safi. Na Rkia, aliyeniandikia barua hii kwa mwandiko wake mzuri, ametua kalamu hapa akaniambia kwamba glasi ya Haji hakuikosea. Alijua vizuri ni ipi yenye dawa. Huyo kijana hamtaki, na hakuona njia nyingine ya kusema bila kunivunjia heshima. Nilicheka mpaka Larbi na Mahjouba wakaja kuulizana kuna nini. Rkia anataka kujifunza kazi ya Bi Ghizlane. Je, mna nafasi?