Maji Yasiyotoa Mapovu

Jumatatu, 4 Machi

Meneja ametangaza kuwa ofisi inatafuta afisa wa usalama kazini. Atakayepata anapewa chumba chenye dirisha! Miaka kumi na mmoja niko masjala, katikati ya makabati ya mafaili, chini ya balbu moja inayokonyeza. Chumba kile ni changu. Nimeshakipanga kichwani: meza hapa, koti pale. Tatizo ni moja tu, na dada yake ndiye mke wangu. Shemeji, fundi umeme wa hapa hapa ofisini, naye ameomba. Na nani alimwombea kazi hapa? Mimi! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 5 Machi

Maikrowevu mpya imefika jikoni. Shemeji ameshabandika karatasi ukutani. Eti maji yakipashwa humo yanaweza kupita joto la kuchemka huku yametulia tuli, bila povu hata moja, halafu ukitia kijiko au sukari yanaruka. Eti tuweke kijiti cha mbao kikombeni kabla ya kuwasha, tusirudie kupasha maji yale yale, na tukizima tusubiri kidogo. Mabinti wa mapokezi wakamsikiliza midomo wazi. Nikamuuliza mbele yao kama na maji ya kuoga tuyaogope. Hakucheka mtu. Mama wa chai akaniambia nimwache shemeji yangu afanye kazi.

Saa nane mchana nikaibandua karatasi. Vijiti alivyoviweka pale nimevitia mfukoni. Vinafaa sana kuchokonolea meno.

Jumatano, 6 Machi

Kesho saa nne ni usaili. Mbinu ninayo! Nitamwandalia meneja chai mbele ya macho yake, aone kuwa shemeji anatisha watu bure. Nimenunua kikombe kipya cha kioo, chororo, hakina mkwaruzo hata mmoja. Nimekisugua mpaka kikalia. Maji nimeyachemsha nyumbani nikayachuja mara mbili.

Mke wangu akauliza ni lini mara ya mwisho nilimpikia yeye chai. Nikaendelea kukisugua kikombe. Akaongeza kwamba kaka yake anasema kikombe laini mno ndicho kibaya zaidi, maana mapovu yanahitaji pa kuanzia, japo mkwaruzo au uchafu kidogo. Nikamwambia kaka yake autafute uchafu nyumbani kwake.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Niliisukuma maikrowevu kwa kitoroli cha mafaili hadi ofisini kwa meneja. Kikombe ndani, dakika mbili. Hakuna povu. Meneja akauliza kama mashine ni mbovu. Aibu! Nikaongeza mbili. Simu yake ikaita, akaongea, nami nikaongeza moja ili maji yasipoe. Yametulia kama ya mtungini. Nikakitoa kikombe taratibu, nikamwambia bosi ajionee mwenyewe, hakuna hatari yoyote. Nikatia kijiko cha sukari.

Maji yote yakaruka! Nusu mkononi mwangu, nusu juu ya barua yangu ya maombi. Nikapiga ukelele, mapokezi wakadhani ni king'ora cha moto, wakatoka nje wote. Shemeji ndiye aliyenikimbiza bombani, akaushika mkono wangu chini ya maji ya baridi dakika ishirini nzima. Hakunicheka hata kidogo. Hilo linaniuma kuliko ngozi. Angecheka, ningemchukia kwa raha zangu.

Ijumaa, 8 Machi

Meneja amenishukuru mbele ya wote. Eti nimethibitisha kila neno la ile karatasi. Kisha ufunguo akampa shemeji.

Nilipita mlangoni kwake. Jua linaingia mpaka mezani. Nikarudi masjala, nikajifungia, nikalia kidogo. Miaka kumi na mmoja! Naliandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu gani? Shemeji ni mdogo kwangu kwa miaka sita.

Jioni amekuja huyo huyo, na dawa ya kupaka, na maikrowevu yake ya zamani. Eti imrahisishie dada yake kupasha chakula, maana mimi sina mkono. Kisha akanisihi jambo moja: nisiweke humo yai lenye ganda, litapasuka. Mnaona roho mbaya? Juzi maji, leo mayai!

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa halikuwa langu, wala la maji. Kosa lilikuwa la sukari, na mayai hayatiwi sukari. Jumatatu nitampelekea meneja ushahidi, na shemeji atakirudisha chumba changu. Mke wangu amekwenda kumsindikiza kaka yake. Nimeweka mayai manne, dakika tano. Kiti nimekisogeza hadi mlangoni pa maikrowevu ili nisipitwe na kitu.