Uzinduzi wa Apgredi ya Kompyuta za Sekondari, Kang'ata

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Diwani, unayewakilishwa na kiti kitupu kile pale. Mzee Lekishon, mwenyekiti wa bodi ya shule hii, uliyeswaga ng'ombe wako mpaka mnadani ili kompyuta hizi kumi zinunuliwe. Mkuu wa Shule. Mwalimu Mwaija wa kompyuta, ambaye sijui kwa nini umesimama wakati wenzako wamekaa. Kamati ya chakula, narudia, kamati ya chakula. Wazazi mliotoka Kwamndolwa na hata Dindira kuwaona watoto wenu wa bweni. Wanafunzi wa kidato cha nne mnaosubiri mtihani wa vitendo wa kompyuta. Mabibi na mabwana. Kama kuna mkubwa sikumtaja, ajiulize ukubwa wake. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Jina langu mnalijua, ila si vibaya mkalisikia tena: Sufiani Mhando, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Kitengo cha Uboreshaji Endelevu wa Mashine Zilizokwishanunuliwa. Nimetoka Korogwe kwa gari lisilo na kiyoyozi na sikumlalamikia mtu yeyote isipokuwa dereva, njia nzima. (Kicheko.)

Ndugu zangu, utafiti shirikishi nilioufanya peke yangu ofisini umebaini kwamba asilimia tisini na nane ya kompyuta za wilaya yenu hii ya Handeni ni nzito, na asilimia sitini zilizobaki haziwaki kabisa. (Makofi. Mzee mmoja anahesabu vidole.) Ndiyo maana, kwa kuzingatia dira, dhima, frimuweki, roadimapu na kasi ya dunia, leo nazindua rasmi Mradi wa Apgredi, ambao chini yake kompyuta hizi zitafunguliwa, zitaongezewa kumbukumbu, zitabadilishwa diski, zitafungwa, na mtoto akigusa herufi A hapa, A itakuwa imeshatokea kabla hajaondoa kidole. (Vigelegele.)

Mwalimu Mwaija, teremsha huo mkono, utakufa ganzi. Haya basi, sema, ila kwa kifupi.

(Mwalimu Mwaija: "Shikamoo mheshimiwa. Kompyuta nane zimezima, wanafunzi wanagombania mbili. Waranti bado iko hai na mkataba wa matengenezo tunao; fundi wa kampuni anakuja Jumatatu kutoka Tanga kuzitengeneza zote bure. Ila mkataba unasema akizifungua mtu mwingine, akikata hata sili tu, hawazigusi tena. Mtihani ni wiki ijayo. Nakuomba sana, msubiri afike kwanza." Minong'ono.)

Marahaba mwalimu. Nimekusikia, na nimekuhurumia. Hii ndiyo mentaliti inayoturudisha nyuma, mtu kuogopa maendeleo kwa sababu ya karatasi. Kwani waranti ni nini? Ni kampuni kukiri mapema kwamba kitu chao kitaharibika! (Kicheko.) Mimi nina friji nyumbani, waranti yake sijaisoma hata mstari mmoja, na linagandisha mpaka maharage.

Halafu unasema mtu mwingine. Mwingine nani? Simama, Jabiri. (Fundi Jabiri anasimama, anakaa haraka.) Huyu ana kibanda cha kutengeneza simu pale stendi ya Korogwe. Simu yangu hii ilitumbukia kwenye sufuria la uji, akaifufua, na hadi leo inapiga vizuri tu, ingawa haipokei. Na ndiye aliyemuoa dada yangu! Tumekula naye pilau la harusi, tumezika naye, leo kampuni ya Tanga iniambie shemeji yangu ni mtu mwingine? Jamani! (Makofi.)

(Mzee Lekishon, bila kusimama: "Mjukuu wangu Naserian anafanya huo mtihani. Nimemsomesha kwa mifugo yangu. Msubirini fundi.")

Mzee wangu, heshima yako iko palepale, na Naserian ni mwanangu pia, lakini serikali haiwezi kusimamisha prosesi kwa ajili ya Jumatatu.

Sasa nimefika kileleni. Kamati ya maandalizi imeninong'oneza kwamba utepe haukununuliwa, fungu lake limeishia kwenye soda. Sawa, sikasiriki, japo nimekasirika. Mimi nimekuwa mgeni rasmi wa vyoo, visima na kivuko kimoja cha waenda kwa miguu, na sijawahi kuondoka mahali bila kukata kitu. Bahati nzuri nimechungulia nyuma ya kompyuta hizi nikakuta kila moja imefungwa kauzi kekundu ka plastiki, kama kale ka mita ya umeme. Mwalimu anakaita sili. Mimi nakaita maandalizi mazuri. Shemeji, lete mkasi. (Mwalimu Mwaija anakimbilia meza. Mgambo anamrudisha alipokuwa.) Mpiga picha, njoo upande huu, ule mwingine hunitoa mnene. Moja! (Vigelegele.) Mbili! Tatu! Mwalimu, usilie, utatuharibia picha. Kumi! (Makofi marefu. Mwalimu Mwaija amejifunika uso kwa mtandio.)

Apgredi! (Juu!) Waranti! (Chini!) Kidato cha nne! (Kimya.) Nimesema kidato cha nne! (Mtu anakohoa.)

Namalizia kwa shukrani. Nakushukuru Mwalimu Mwaija, na ukitulia umpigie fundi wa Tanga umwambie asijisumbue, kazi imeshafanyika. Nakushukuru Mzee Lekishon kwa uvumilivu wako. Na wewe Jabiri, shemeji yangu, nakushukuru kwa ari yako, maana tangu asubuhi unanivuta shati kuniuliza hizo kumbukumbu na diski mpya ziko wapi uziweke. Punguza haraka, baba. Vifaa vitanunuliwa fungu likitoka, fungu litatoka likiombwa, litaombwa kukiwa na andiko la mradi, na andiko haliwezi kuanza kuandikwa bila picha za uzinduzi, ambazo sasa, alhamdulillahi, tunazo, na katika zote nimetoka vizuri.