Ombi la Kuletewa Wezi Getini

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda chetu cha magodoro,

Kwa heshima zote na mkono kifuani, nakuandikia mimi mlinzi wa geti kubwa, niliyewekwa hapa na marehemu baba yako, aliyeniita Simba mbele za watu. Kalamu si kazi yangu, lakini hili nimekataa kumtuma mtu.

Mwaka huu umetuletea mkakati mpya, na kila mfanyakazi kapewa lengo la kupimiwa. Yule binti yetu wa utumishi, msomi mwenye adabu zake, mimi kaniandikia: kukamata wezi. Nikasaini huku nacheka. Kumbe najifunga kamba mwenyewe! Tathmini imetoka, nimepata sifuri, imebandikwa mlangoni mwa kantini, na atakayepata sifuri tena anafungashiwa virago. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikukamata mwizi kwa sababu hakuna anayethubutu. Nikikohoa tu, hata paka anabadili njia. Yaani nimeangushwa na ukali wangu! Mwenzangu wa geti la nyuma husinzia mpaka udenda unamtoka, wezi wanapishana kwake kama sokoni, akishtuka anamdaka yule wa mwisho. Huyo ndiye Mfanyakazi Bora, na picha yake mmeitundika.

2. Mmetuletea nembo mpya, mtu kalala fofofo juu ya godoro, mkasema ndiyo sura ya kampuni. Sawa, kwenye magodoro inapendeza. Lakini mmeishona kifuani kwa mlinzi! Wapita njia wananiuliza, "Mzee, huyo ni wewe?"

3. Shemeji yangu wa idara ya kufungasha aliisoma ile sifuri akaibeba mbio mpaka nyumbani. Sasa mke wangu ananiuliza, "Bwana wee, miaka yote hiyo ulikuwa unalinda nini?" Chai naletewa bila salamu. Mzee, geti hili likinitoka, kule nyumbani mimi nitakuwa nani?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, niletewe wezi. Sina makuu, hata wa humu humu kiwandani watafaa. Idara ya masoko naona wana nafasi, ila wafundishwe kwanza kuruka ukuta, maana miili imewazidi. Nao wapewe lengo lao la kuiba na wapimwe vilevile, asiyeiba apate sifuri kama mimi. Wakiiba sana, nitakamata sana, tutafaulu sote, na kampuni itaifikia dira yake hata kama magodoro yatakwisha.

Nisalimie mama watoto, binti wa utumishi, na yule wa geti la nyuma ukimkuta macho.

Ni mimi mtumishi wako asiyepepesa,
Simba wa Geti Kubwa

N.B. Nilipokuwa nimeinama naandika, gari lako lilipiga honi. Nikafungua haraka, nikapiga saluti ya nguvu, likaenda zake. Sasa nakuona unashuka ngazi, ufunguo mkononi, unapaangalia pale lilipokuwa. Mzee, lile ombi la wezi lifutwe. Na ile sifuri nimeitafakari upya, naona ilikuwa ya haki kabisa. Naomba tu isishuke.