Siku Dakta Jani Aliposema Kweli

Mtu mwenye akili timamu akitazama shamba la mpunga huona chakula, au jasho la mkulima, au walau mbu. Dakta Jani alilitazama shamba lile la ukingoni mwa mji akaona bwege. Hakumjua bado ni bwege gani, lakini alijua yupo, kwa sababu kila shamba zuri lina mwenyewe, na kwa imani ya Dakta Jani kila mwenyewe ni bwege mpaka athibitishe vinginevyo.

"Simamisha gari, shemeji."

Shemeji, kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye maneno machache na njaa nyingi, alisimamisha pikapu kando ya barabara. Mashamba ya majirani yalikuwa bado na ukijani, masuke yameinamisha vichwa. Hili moja lilikuwa limeshapauka lote kuanzia tutani hadi mferejini, na masuke yake yalisimama wima, yamenyoosha shingo kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Umeona nidhamu hiyo?" alisema Dakta Jani. "Mpunga wa majirani umeinama kama umefiwa. Huu umesimama, na umewahi kuiva. Tukiuvuna sasa, maghala ya watu yakiwa matupu, mchele tutauza kwa bei tunayotaka."

"Wa nani?"

"Wetu. Sema mwenyewe bado hajaambiwa."

Hapa inafaa tuieleze kazi ya bwana huyu, maana yeye akiulizwa hujibu "afya ya mimea" na kukohoa kidogo. Udaktari wenyewe hakuusomea popote. Kabla ya kuwa dakta alikuwa akiuza dawa ya panya stendi, unga uliochanganywa na majivu, na panya wa mji ule walinenepa mpaka paka wakawa wanawapisha njia. Wateja walipoanza kumtafuta na fimbo, akahamia kwenye tiba ambayo mgonjwa wake hana mdomo wa kushtaki.

Windo lake lilikuwa watu wa mjini wenye mashamba wasiyoyakanyaga: karani wa benki, mwenye duka la viatu, mwalimu mkuu, watu wanaoujua mpunga ukiwa umeshafika sahanini. Aliwatokea ofisini na koti jeupe na kioo cha kukuzia, akachomoa jani lenye madoa ya kahawia, akashusha pumzi, akasema neno moja tu: "Kimyanga." Kimyanga ni ugonjwa wa kweli, wakulima wanaujua na wanauogopa. Dakta Jani alilijua jina lake tu, na lilimtosha. Mwenye shamba akishaingiwa na hofu, aliingia Shemeji na kofia ya mfugaji, akajitolea kununua mpunga huo mgonjwa kwa bei ya nyasi, awape ng'ombe ambao hajawahi kuwa nao. Kisha walivuna mpunga mzima, wakakoboa, wakauza. Na watu walimshukuru! Mwalimu mkuu mmoja alimpa na jogoo juu. Ndiyo, mwalimu mkuu, yule anayewachapa watoto wa wenzake kwa kutotumia akili.

Madoa ya jani aliyatia mwenyewe kwa njiti ya kiberiti. Mwanzoni alitumia dawa ya viatu, lakini ikamganda karani wa benki vidoleni, na Dakta akatoka ofisini mle kwa mlango wa jikoni. Tangu hapo alitumia rangi ya nywele ya mkewe, kahawia iliyokolea, ambayo ikikauka haitoki hata kwa sabuni. Aliuonea fahari sana uvumbuzi huo.

Lakini nguzo ya kazi yote ilikuwa ile pikapu. Nyeupe, ina redio, mlangoni imeandikwa AFYA YA MIMEA kwa herufi za kijani. Dakta akishuka kwenye pikapu hiyo, walinzi walimfungulia geti kabla hajasema kitu. Bila pikapu, alikuwa mwanamume wa kawaida aliyevaa koti jeupe, na mara moja gari lilipokuwa gereji, mama mmoja alimsimamisha njiani, akidhani ni muuza nyama wa buchani, akamwagiza nusu kilo ya mnofu. Hakuisahau aibu ile. Mke angeweza kumpoteza akatafuta mwingine, lakini gari hilo lilikuwa uhai wake.

Ikajulikana kwamba shamba ni la mwanamke mwenye saluni nyuma ya stendi, watu wakimwita Mama Saluni. Dakta Jani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanamke wa kucha na mawigi! Huyu ukimpa jembe atalipaka rangi ya mdomo."

Wakaenda asubuhi, saluni ikiwa imejaa. Mmoja alikuwa anasukwa, mwingine yuko chini ya drayeri inayonguruma, wengine wawili wamekuja kwa umbea tu na hawakuficha. Mama Saluni, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa, alikuwa na kitana mdomoni.

"Samahani, mama," alisema Dakta Jani kwa sauti ya msibani. "Mimi ni daktari wa mpunga. Nimepita shambani kwako. Naomba ukae kwanza."

"Nikikaa nani atasuka? Sema tu, mwanangu."

Dakta akalitoa jani lake kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka kiganjani mwa mama huyo kama mtu anayemkabidhi mzazi kichanga. Mama Saluni akalileta karibu na dirisha. Akalipapasa doa kwa kidole gumba. Akalinusa. Kisha akalitazama tena kwa muda mrefu, na machozi yakamjaa.

"Jamani mpunga wangu," alisema. "Ni nini hii, Dakta?"

"Kimyanga."

Wale wa umbea wakapiga kelele kwa pamoja, ingawa hakuna aliyejua kimyanga ni nini.

"Utapona?"

"Mama, nisikudanganye," alisema Dakta Jani, maneno aliyoyapenda kuliko yote. "Shamba lile halitatoa hata kikombe kimoja cha mchele."

"Mbona nimesikia kwa mbali limeiva?"

"Kuiva gani? Ule umekufa umesimama. Ndani ya yale masuke hakuna kitu."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya hawa wote."

"Basi mwambie na huyo wa kwenye drayeri, hajasikia. Ni jirani yangu, kesho asije akasema nimemficha."

Dakta Jani akamwinamia yule wa kwenye drayeri, akapaza sauti mpaka wapiga debe wa stendi wakageuka: "SHAMBA HALINA HATA PUNJE!" Alijisikia vizuri. Uongo ukiusema kwa nguvu kiasi kile, wewe mwenyewe unaanza kuuheshimu.

Shemeji akaingia na kofia yake, akasema amesikia habari, ana ng'ombe, atanunua hizo nyasi. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kutukana.

"Uwape ng'ombe ugonjwa?" alishangaa Mama Saluni, akipangusa macho. "Hapana, baba. Dakta, huo ugonjwa unaambukiza?"

"Sana," alisema Dakta, bila kufikiri. "Unaruka na upepo."

"Basi nauchoma leo leo. Majirani zangu nao wana watoto wa kulisha. Wewe, hebu niletee lile dumu la mafuta ya taa kule nyuma."

Mmoja wa wale wa umbea akalileta mbio. Mama Saluni akavua aproni, akatia kiberiti kwenye pochi. Dakta Jani aliliona akilini shamba lote likiwaka, na moshi wake ukinukia wali.

"Mama, ngoja! Usichome! Chuo... chuo kikuu wanautaka ugonjwa huo. Kwa utafiti. Wananunua virusi."

Mama Saluni aliweka dumu chini. "Wananunua ugonjwa?"

"Ndiyo. Nitauchukua mimi, niwapelekee."

"Kwa bei ya nyasi?"

"Kidogo juu ya nyasi."

"Wewe Dakta, mbona unanifanya mtoto? Nyasi hata punda anazo. Mimi nina virusi, wanavyovitaka wasomi. Dawa yote ya kutibu dunia hii itatoka shambani kwangu!" Akawageukia wenzake. "Nyinyi mngekuwa mimi, mngeviuza shilingi ngapi?"

Wakaanza kunadi. Hakuna soko lenye wajuzi wengi kama saluni. Mmoja alisema nyumba. Mwingine alisema safari ya ng'ambo na nauli ya kurudi. Wa kwenye drayeri, aliyekuwa haelewi linaloendelea, akaelekeza kidole nje mlangoni na kusema anaipenda ile pikapu.

"Sawa," alisema Mama Saluni. "Gari, au kiberiti."

Shemeji akamvuta Dakta nje. "Tuondoke," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Una wazimu? Shamba lile lina thamani ya pikapu tatu! Moja inakwenda, tatu zinarudi. Na hawa wanawake hawajui hata wanachokiuza."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Dakta Jani aliupenda sana msemo huo, na huwasimulia watu kila anapomaliza kuwaibia. Aliandikiana mkataba na Mama Saluni palepale juu ya meza ya manukato, akatoa kadi ya gari, na ufunguo ulipoingia kwenye pochi yenye kiberiti, alimwonea mwanamke yule huruma ya kweli.

Siku ya kuvuna alikodi watu wa mundu kwa fedha aliyokopa kwa mkewe. Alisimama tutani na koti lake, akiwahimiza. Wa kwanza alikata fungu moja, akalipima mkononi, akamtazama mwenzake. Mwenzake akakata lake. Wakaanza kucheka kichinichini.

"Kuna nini?" alifoka Dakta.

"Mwepesi, bosi."

"Mwepesi ndiyo mzuri. Pigeni upesi!"

Wakapura juu ya turubai. Wakaweka kwenye ungo, wakapepeta. Mpunga ukipepetwa, pumba huruka na punje hubaki. Hilo hata kuku analijua. Hapa kila kitu kiliruka. Upepo ukalichukua lundo lote, ukamrushia Dakta Jani usoni na kwenye koti, na chini ya ungo zikabaki chembe za kumshibisha njiwa mmoja, tena aliyekwisha kula. Akapokonya ungo, akapepeta mwenyewe. Akashika suke, akalibinya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Likabonyea. Akabinya lingine. Hewa.

"Hapa shingoni, bosi," alisema yule mvunaji, akimwonyesha mahali suke linapoungana na bua, peusi, pamenyauka. "Si kimyanga huu. Ni ukungu wa shingo. Ukishika hapa, chakula hakipandi juu. Suke lililojaa huinama. Hili limesimama kwa sababu halina kitu cha kubeba."

Dakta Jani alitazama shamba zima lililosimama wima kwa nidhamu. Amefanya biashara ya magonjwa ya mpunga miaka yote hiyo, ameua kwa mdomo mashamba yaliyokuwa mazima, na siku ugonjwa wenyewe ulipomtokea ana kwa ana, aliusifia. Aliyezoea kuuza pumba za mdomo sasa alikuwa nazo magunia, na hakuna wa kununua. Shemeji hakuwa tutani tena. Alikuwa ameondoka wakati wa kupepeta, bila kuaga.

Alikwenda saluni kwa miguu, koti limejaa pumba. Mlango ulikuwa wazi, drayeri inanguruma, wale wa umbea wako palepale kana kwamba wamepangishwa.

"Mama, umeniingiza mjini!" alipiga kelele. "Shamba halina kitu!"

Mama Saluni hakuacha kusuka. "Sema tena, Dakta. Wa kwenye drayeri hajasikia."

"Halina hata punje!"

"Si ndivyo ulivyoapa? Halina hata punje, mpunga umekufa umesimama, ndani hakuna kitu. Jamani, si tulisikia?"

"Mpaka stendi walisikia," walijibu.

"Mimi niliona shingo zimeoza siku nyingi, nikajifungia chooni nikalia, maana shamba lile ndilo nililokuwa nalitegemea mwaka huu. Nimekulia matopeni, mwanangu, kabla sijashika kitana. Nilikuwa nimeshanunua mafuta ya taa ya kulichomea. Halafu ukaja wewe, mtaalamu, ukaniambia ukweli mtupu. Sasa unanidai nini? Kwamba hukukosea?"

Dakta Jani akawaza polisi. Angekwenda polisi aseme nini? Kwamba alidanganya, na uongo wake ukageuka ukweli bila idhini yake?

"Ulijuaje?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ulijuaje kwamba mimi..."

Mama Saluni alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua pakiti moja, akamtupia. Ilikuwa rangi ya nywele. Kahawia iliyokolea.

"Jani lilikuwa linanuka saluni yangu," alisema. "Hiyo chukua bure. Ya mgonjwa wako wa kesho."

Saluni nzima ikaangua kicheko, na safari hii hata wa kwenye drayeri alisikia.

Alitoka akiwa ameishika pakiti ile. Barabarani ikampita pikapu nyeupe, redio iko juu, imebeba viti vipya vya saluni. AFYA YA MIMEA ilikuwa imefutwa, pameandikwa UREMBO NA NYWELE, na dereva alikuwa mtu mnene mwenye maneno machache aliyekuwa anatafuna kitu. Dakta Jani alipunga mikono yote miwili. Shemeji alimpigia honi ya heshima, akapita.

Akaendelea kwa miguu, mfukoni patupu, nyumbani kuna mke anayesubiri fedha yake ya wavunaji. Hakufika mbali. Mama mmoja mwenye kikapu alimwona na koti lake jeupe, akavuka barabara haraka akamsimamisha.

"Kaka, umebakiwa na mnofu?" aliuliza. "Nipimie nusu kilo. Na leo usinidanganye kwenye mizani."