Breki Iliyoitika Mara Mbili Tu

Tarehe mosi Juni, mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu mpendwa, Dereva Mkuu wa Lori la Marehemu Baba,

Barua yako ya kuniuliza tena nitarudi lini, na kunijulisha kuwa chumba changu kimekwisha kupakwa rangi, imenifikia salama. Nitaijibu. Kwanza, hata hivyo, nina malalamiko rasmi dhidi yako, na kwa heshima zote naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Ni wewe uliyenifundisha kwamba dereva mwenye akili akifika kileleni huzima injini, akaweka gia huru, akaliacha gari lijishukie lenyewe, kwa sababu mafuta hayachotwi kisimani. Elimu hiyo nimeitunza ugenini kuliko nilivyotunza meno yangu.

2. Juma lililopita niliitumia kwenye gari dogo la binti yangu, nikiteremka kutoka maktaba. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, ikaitika. Mara ya pili ikaitika shingo upande. Mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama kizingiti, na usukani nao ukanuna. Nikasimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili, makalio hayagusi kiti, huku nikijitahidi kubaki na uso wa mtu aliyekusudia. Gari lilisimama katikati ya magodoro yaliyopangwa nje ya duka. Mwenye duka aliniuliza, bila hasira, kama nimekuja kununua au kujaribu tu.

3. Nimekisoma kitabu cha gari, ambacho kilikaa kabatini miaka yote kati ya diwani mbili za mashairi. Kinasema kuna chombo kinachotegemea mvuto wa hewa wa injini ili kuusaidia mguu wa dereva. Injini ikizimwa, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo breki bado ipo, ila unabaki na nguvu za mguu wako mwenyewe. Hapo nilikifunga, maana kilianza kunisema mimi. Lori la baba halikuwa na msaada wowote. Breki yake ilikuwa ngumu injini ikiwaka, ngumu ikizimwa, na wewe hukuliona hilo kuwa jambo la kumwambia mtu. Kwa hiyo hukunifundisha udereva. Ulinifundisha lori moja.

4. Binti yangu ameuchukua ufunguo. Alinieleza kwa adabu zote kwamba baba ni mmoja tu na magodoro hayapangwi nje kila siku. Sasa naenda maktaba kwa miguu, na wale walioniita Profesa wananiita Mzee Godoro. Hata mkutubi.

5. Kutokana na hayo, nadai uchague moja: uusawazishe mlima wa huku, au uwaandikie waunda magari kwamba injini kupumzika si ruhusa ya breki nayo kupumzika, au unitumie lori. Ukishindwa yote, sioni njia nyingine ila kurudi nyumbani kwenye pedeli pekee ambayo haijawahi kuniahidi msaada kisha ikaninyima. Tandika kitanda.

Msalimie shemeji, watoto, wajukuu, na yule jirani mwenye redio, kama bado anaisikia. Waambie wote kwamba afya yangu ni nzuri isipokuwa magoti, ambayo ni wewe uliyeyaumiza.

Ni mimi, mlalamikaji wako mtiifu,
Kaka yako

Tanbihi: Sikuiposti barua hii kwa wakati. Jana binti yangu alikubali tuteremke mlima ule ule, injini ikiwaka. Breki ilitii ncha ya kiatu, kwa hiyo sina kesi. Yeye alikaa pembeni yangu, ameshika breki ya mkono kutoka juu hadi chini ingawa haikuhitajika, na tulipofika chini alisahau kuiachia. Tukabaki tumekaa hivyo, gari linanguruma bure, na mimi sikuizima injini. Mdogo wangu, nimeishi huku miaka yote hii nikibana mafuta ili yabaki ya safari ya kurudi. Nimeamua kuyatumia hapa. Chumba kile mpe mjukuu anayeoa. Sitarudi.